Roadster au MR-S kwa mizunguko ya Tanga?

Mkuu, umeuliza uchukue Mazda Roadster au Toyota MR-S, vile vigari vya spoti vya viti viwili vya kufunua paa, iwe gari ya kazini hapa Tanga mjini na wikiendi ya kupandia Lushoto. Zote zinacheza kwenye kilo 1,000 hivi, na huo wepesi ndio utamu wenyewe. Kwenye kona za Mombo kwenda Soni, ukikata usukani gari imeshageuka, haisubiri kulala kwanza kama Noah.

Shida ni siku nyingine zote. Matuta ya barabarani utayapita mshazari, polepole, umekunja uso ukisubiri tumbo likwaruze. Na joto letu la Januari bila paa? Utafunga turubai uwashe AC kama kila mtu.

Mimi ningechukua MR-S kwa sababu ya injini: 1ZZ-FE, ile ile ya Allion na Wish za zamani za cc 1,800, kwa hiyo fundi hatakukimbia. Ila injini imekaa nyuma ya mgongo wako. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona yenye maji, mkia unaweza kukutangulia. Buti ya maana pia haina: kuna visanduku nyuma ya viti, na mbele tairi la akiba. Machungwa ya Muheza utanunua ya kula njiani tu. Roadster ina buti, ndogo, lakini begi la safari linaingia, na shemeji hatanuna.

Halafu usije ukashusha springi, gari yenyewe iko chini tayari.