Meno yaliyotoka, yaliyochomoza au yaliyotokeza?

Swali: Ninaandaa kikaratasi cha maelezo kwa wazazi wanaoleta watoto kliniki ya meno. Nimeandika: "Mtoto ambaye meno yake ya juu yametoka na anayeumwa vibaya aletwe kwa daktari." Mwenzangu amecheka sana, ila hasemi kosa liko wapi. Naomba unisahihishie.

Jibu: Mwenzako ana haki ya kucheka. Mzazi akiisoma sentensi hiyo ataelewa kwamba mtoto amebaki kibogoyo na hali yake ni mahututi.

Tuanze na kutoka. Jino likitoka, pengine limeota, pengine limeng'oka. Kitenzi hiki hubeba maana zote mbili, na wewe huitaki hata moja. Wengine hukimbilia kuchomoza. Lakini jino linalochomoza ndilo kwanza linaonekana kwenye ufizi, na mzazi wa mtoto wa miaka 7, umri ambao meno ya mbele ya ukubwani yanaota, atakuelewa vingine kabisa. Linalofaa ni kutokeza: "meno ya juu yaliyotokeza mbele". Kujitokeza nako husikika sana, wala sikukatazi, ila masikioni mwangu wanaojitokeza ni mashahidi na wagombea.

Kwenye kuumwa umeponzwa na kauli ya kutendwa. Anayeumwa ni mgonjwa, au ameingia kwenye meno ya mbwa. Wewe ulikusudia namna meno ya juu yanavyokutana na ya chini, basi sema hivyo hivyo: "meno hayakutani sawasawa".

Hapa kuna jambo ambalo kikaratasi chako kisiliruke. Daktari hupima vitu viwili, na vyote vina vitenzi vyake katika Kiswahili cha kila siku. Kwanza, meno ya juu hutangulia yale ya chini, kwa kawaida milimita 2 hadi 3. Pili, huyafunika kiasi kwa juu. Yanaweza kutangulia mno bila kufunika mno. Mtoto aliyezoea kunyonya kidole kwa miaka, kwa mfano, huweza kusukuma meno ya juu mbele, kisha meno ya mbele yasifikiane hata pale magego yanapokuwa yamekutana. Uwazi huo usiuite mwanya, maana mwanya huwa kati ya meno mawili yaliyo ubavu kwa ubavu. Wala si pengo. Hakuna jino lililokosekana.

Kumbuka pia kwamba kutokeza hueleza kinachoonekana, si chanzo chake. Kuna watoto ambao meno yao ya juu yamekaa pake, ila taya la chini limebaki nyuma, ndiyo maana ya juu yanaonekana yako mbele mno. Kwa hiyo usimwandikie mzazi kwamba meno "yamesogea". Huenda hayajasogea popote.

Mimi ningeandika: "Mtoto ambaye meno yake ya juu yametokeza mbele, au ambaye meno yake hayakutani sawasawa anapofunga kinywa, aletwe kwa daktari wa meno." Meno yaliyopinda na yaliyopandana ni habari nyingine, yape mstari wake.