Maswali na Majibu: Bunduki ya Bolti na Shabaha ya Mbali

Siku hizi bunduki nyingi hujipakia zenyewe. Kwa nini wanaoshindana kulenga shabaha za mbali bado wanavuta bolti, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, kwa mkono baada ya kila risasi?

Kwa sababu katika mchezo huu haraka haina faida kubwa. Kinachotafutwa ni kila risasi itoke sawasawa na ile iliyoitangulia. Bunduki inayojipakia hutumia gesi ya baruti, au msukumo wa kurudi nyuma, kusogeza vyuma vyake, na mwendo huo wa vyuma huleta mitikisiko na tofauti ndogondogo ambazo kwa mita 50 hazionekani, lakini kwa mita 900 zinatosha kumnyima mtu alama. Bolti, kinyume chake, hukaa imefungwa kwa meno yake mpaka mpigaji mwenyewe aamue kuifungua. Muundo unaofuatwa na wengi hadi leo, wa meno mawili makubwa mbele ya bolti, ulikomazwa na Mjerumani Paul Mauser katika modeli yake ya mwaka 1898. Bunduki kadhaa za sasa zina meno matatu, hivyo mkono wa bolti hupanda nyuzi 60 badala ya 90, jambo linalompa mpigaji nafasi chini ya darubini.

Nimerithi bunduki ya kuwindia kutoka kwa marehemu baba. Nayo ni ya bolti. Je, inatofautianaje na hizi za mashindano?

Ndugu yangu, moyo wa bunduki hizo mbili ni mmoja, ila mwili umebadilika. Mwindaji hubeba bunduki yake siku nzima ili apige mara moja au mbili, kwa hiyo mtutu wake huwa mwembamba na mwepesi. Mpigaji wa shabaha hupiga risasi nyingi akiwa amelala mahali pamoja, na mtutu mwembamba ukipata moto huanza kuhamisha mahali risasi inapotua. Ndiyo maana wa mashindano huwa mnene na mrefu. Tena mtutu huo haugusi kitako hata kidogo: unaweza kupitisha karatasi kati yake na kitako, kuanzia ncha hadi karibu na chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Kitako cha mbao, ambacho hufura kwa unyevu na kusinyaa kwa ukavu, mara nyingi kimepisha fremu ya alumini yenye sehemu ya shavu na ya bega zinazorekebishika kulingana na umbo la mtu. Ya baba ni nzuri kwa kazi iliyoundiwa, nami nisingekushauri kuikatakata ili ifanane na hizi.

Nichague risasi ya .308 Winchester au 6.5 Creedmoor?

Itategemea mashindano unayoyataka. Ile ya .308 ilianza kuuzwa mwaka 1952 na inashabihiana na risasi ya 7.62 ya majeshi ya NATO, ilhali ile ya 6.5 Creedmoor ilitolewa mwaka 2007 na kampuni ya Hornady ya Marekani, ikiwa imekusudiwa kulenga shabaha tangu mwanzo. Kichwa chake ni chembamba na kirefu, hukata hewa vizuri zaidi, na msukumo wake begani ni mdogo. Hata hivyo, yapo madaraja ya mashindano yanayokubali .308 na .223 tu, kwa mfano lile liitwalo F/TR, ambamo bunduki pamoja na darubini na miguu yake haipaswi kuzidi kilo 8.25. Soma kanuni kabla ya kufungua pochi.

Nasikia upepo ndio adui mkubwa. Kwani risasi yenye kasi namna ile inaweza kusukumwa na upepo?

Inasukumwa, tena sana. Kufika yadi 1,000, yaani mita 914, risasi ya .308 huchukua takriban sekunde moja na nusu, na muda wote huo iko mikononi mwa hewa. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni, ambao kwa mtu aliyesimama ni upepo wa kupepea majani na vijitawi tu, huihamisha risasi hiyo zaidi ya mita mbili, ilhali ile ya 6.5 Creedmoor huhama pungufu kidogo ya mbili. Sasa linganisha na duara la alama tano huko Bisley, uwanja wa kulenga shabaha nchini Uingereza, kwa umbali huo: upana wake ni sentimita 61.

Kushuka kwa risasi kwa sababu ya mvutano wa dunia hakumsumbui mtu aliyejiandaa, maana hesabu yake haibadiliki sana leo na kesho. Unazungusha kirungu cha kurekebishia darubini kiasi kinachojulikana na jambo limekwisha. Upepo ndio usiokuwa na jedwali. Unaweza kuvuma kutoka kulia ulipolala, ukatulia katikati ya uwanja na kugeuka kushoto karibu na shabaha. Wapigaji hutazama bendera zilizopangwa uwanjani, na hutazama mazigazi kwa darubini, yaani ile hewa ya joto inayotetemeka juu ya ardhi: ikielekea upande mmoja kama maji ya mto, upepo upo, ikipanda wima, ama umetulia ama unavuma sambamba na mstari wa risasi. Wima huo huwatega wengi, kwa sababu mara nyingi hutangulia kugeuka kwa upepo. Kwa maoni yangu, anayeongeza fedha kwenye bunduki kabla hajajifunza kusoma mazigazi anazitupa.

Mtutu mmoja hudumu kwa risasi ngapi?

Wa 6.5 Creedmoor huanza kupoteza usahihi baada ya risasi 2,000 hadi 3,000 hivi, wa .308 mara nyingi hupita 5,000. Joto hula chuma mbele ya chemba, mahali inapoanzia mifuo, yaani michirizi ya ndani ya mtutu inayoizungusha risasi. Ukipiga harakaharaka bila kuuacha upoe, punguza hesabu hizo.

Je, mchezo huu umo katika Olimpiki?

Haumo. Olimpiki ina bunduki ya mita 50 na ile ya upepo, inayosukuma risasi kwa hewa iliyoshindiliwa, ya mita 10. Ile ya mita 300 ilionekana mara ya mwisho Munich mwaka 1972. Ulimwengu wa shabaha za mbali una heshima zake zenyewe, na kongwe miongoni mwazo ni tuzo ya mfalme au malkia wa Uingereza, iliyoanza mwaka 1860 pale Wimbledon na kuhamia Bisley mwaka 1890. Fainali ni risasi 15 kwa yadi 900 na 15 kwa yadi 1,000. Hapo darubini juu ya bunduki hairuhusiwi: mpigaji hulala kifudifudi, mkanda wa ngozi umemkaza mkono, akilenga kupitia kitundu kidogo. Mwaka 1930 tuzo hiyo ilichukuliwa na Marjorie Foster, mwanamke wa kwanza kuipata. Michezo ya Jumuiya ya Madola nayo iliwahi kuwa na shindano la aina hii, mara ya mwisho mwaka 2018 nchini Australia.

Naweza kuagiza bunduki kama hiyo nikiwa Tanzania au Kenya?

Usiagize chochote kabla ya kupata kibali. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi hupitia Jeshi la Polisi. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bodi maalumu inayotoa leseni. Anza kwa kutembelea klabu ya kulenga shabaha iliyosajiliwa, ukapige chini ya mwalimu kwa bunduki ya klabu.