Homoni ya ukame inafikaje mpaka kwa jeni

Dada, umeuliza namna gani muhogo yako ya kule Kabare inasimama kukua wakati ya kipwa bila kufa, na homoni inafikaje kuamrisha jeni. Njo hivi: udongo ikikauka mmea inatengeneza asidi absisiki mingi, ile wanaita ABA, njo homoni yenyewe. ABA yenyewe haiendi kugusa DNA, watu wengi wanakosea hapo. Inashikwa na protini fulani, PYR/PYL, waliitambua 2009, na hiyo ikishashika ABA inakamata protini ingine, PP2C, ile kazi yake ya kila siku ni kuzuia SnRK2, protini yenye inawasha zingine. Sasa PP2C ikikamatwa, SnRK2 inabaki huru, inawekea fosfati protini za ABF, njo kuziwasha, nazo njo zinakaa mbele ya jeni, pale penye herufi za DNA kama ACGTG, na jeni inaanza kusomwa, kwa mufano zile za protini za LEA zenye zinalinda seli isiharibike ikikosa maji. Mimi naona ni ajabu kabisa, kuzuia chenye kinazuia!

SnRK2 ileile inafungisha pia vitundu vya majani, lakini hiyo haingoji jeni, ni dakika tu.

Hatua hizi walizisoma sana kwa Arabidopsis, kammea kadogo ka maabara. Kwa muhogo ABA inapanda haraka, majani mapya yanaacha kupanuka. Basi usiing'oe, ngoja mvua ya mwezi wa tisa, itachipuka.