Kwa wewe unayesema hasira zikipanda hujitambui

Mkuu, umeuliza kama begi la ngumi litakusaidia, maana hasira umezirithi kwa mzee wako na zikipanda huwezi kuzizuia. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Mwaka 2019 mwenzangu wa duka la spea aliondoka na pesa ya mzigo. Miezi saba nilikuwa napata usingizi saa nane za usiku. Nalala chali, naanza kesi upya: alivyosema, nilivyotakiwa kumjibu, nitakavyomfanya nikikutana naye Kariakoo. Niliamini nikiacha kuwaza, mwingine atakuja kunila vilevile. Kuwaza kwangu kulikuwa ndio ulinzi. Naamka taya zinauma.

Na ile imani yako nilikuwa nayo pia: kwetu damu ni moto, ikichemka haishikiki. Siku moja mdogo wangu akamwagia chai daftari la madeni. Nikamzaba kofi, mdomo ukapasuka. Nilishanyanyua mkono mara ya pili, nikasikia hodi. Mama mkwe. Mkono ukashuka. "Shikamoo mama, karibu ndani," nikamvutia kiti, sauti imetulia kabisa, dogo yuko pembeni anafuta damu kwa shati lake. Usiku sikumuwaza yule mwizi hata kidogo. Niliwaza hodi. Kama haishikiki, nani aliishika?

Hapo ndipo nikaanza kusoma. Mwanasaikolojia Adrian Wells wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, amejenga tiba nzima, hasa kwa wenye wasiwasi na sonona, juu ya yale tunayoamini kuhusu mawazo yetu wenyewe: kwamba kuyazungusha kunatusaidia, na kwamba hayazuiliki. Nilijiona humo mzima mzima. Kuhusu begi, mtafiti Brad Bushman wa Marekani alichapisha jaribio mwaka 2002: waliopiga begi huku wakimuwaza aliyewaudhi walitoka na hasira zaidi ya waliokaa tu bila kufanya lolote. Kwa hiyo pesa yako iache mfukoni.

Kilichonisaidia ni kuahirisha. Wazo likija mchana silifukuzi wala sibishani nalo. Nalipangia saa moja jioni, dakika 15, narudi kwa mteja. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, nilikuwa naliahirisha hata mara ishirini kwa siku. Lakini jioni ikifika, mara nyingi sina hamu nalo tena. Pesa haijarudi, na bado naamini alinidhulumu. Hilo halijabadilika na halikuhitaji kubadilika.

Dogo nilimwomba radhi mbele ya mama yetu. Alikaa wiki mbili hajanisemesha, na ni haki yake. Kama na wewe umeshampiga mtu nyumbani, usisubiri hadi upone ndipo uombe radhi.

Anza leo kwa kuangalia ni saa ngapi huwa unaanza kuizungusha kesi yako. Mimi ilikuwa nikishazima taa. Ukiijua saa yako, rudi hapa uniambie.