Faili la .rdp kwenye baruapepe ni chambo

Ofisi nyingi za mawakala wa forodha hufanya kazi hivi: karani yuko Tanga karibu na bandari, seva ya hesabu iko Dar es Salaam, na kati yao ni Remote Desktop, huduma ya Windows ya kutumia kompyuta iliyo mbali kana kwamba uko mbele yake. Ukishafunga poti 3389, mlango wa mtandao unaotumiwa na Remote Desktop, watu wa nje wasiingie, umefanya vyema. Umebaki mlango unaofunguliwa kutoka ndani.

Barua huja na faili linaloishia na .rdp, yaani faili la kuunganisha Remote Desktop. Ukilibofya, kompyuta yako ndiyo inayokwenda kwa mwizi. Oktoba 2024 Microsoft walieleza shambulio la namna hiyo, na mafaili yake yalikuwa hata na saini ya kidijitali, alama inayofanya faili lionekane la kuaminika. Diski zako, printa na kila unachonakili huonekana upande wa pili. Kizuia virusi kinaweza kunyamaza, kwani faili lenyewe ni maandishi ya mipangilio tu.

Basi yasome. Lifungue kwa Notepad, usilibofye mara mbili. Mstari wa "full address:s:" hutaja seva. Jina usilolijua, futa faili. "drivestoredirect:s:*" maana yake diski zote zimekabidhiwa, na nyota ile ndiyo ya kuogopa. "redirectclipboard:i:1" hukabidhi ulichonakili, nywila ikiwemo.

Kwenye muunganisho wenu halali, fungua mstsc (programu ya Remote Desktop kwenye Windows), bofya Show Options, ingia Local Resources, kisha More, uondoe tiki ya Drives. Printa iacheni. Ukizima kila kitu, hati hazichapiki na watu watatafuta njia za panya.

Fundi azuie viambatisho vya .rdp kwenye baruapepe, na kwenye ruta azuie 3389 kutoka kwenda nje isipokuwa kwa seva yenu. Hilo la pili peke yake halitoshi, maana faili linaweza kutaja poti nyingine, hata 443 inayotumiwa na tovuti za kawaida.

Namba ya uthibitisho unayotumiwa kwa SMS unapoingia kwenye akaunti nayo huibwa: ukurasa bandia huipokea na kuitumia papo hapo. Ufunguo wa USB wa FIDO2, kifaa kidogo unachochomeka kuthibitisha kuwa ni wewe, ni bora zaidi, kwa kuwa hauitikii tovuti yenye anwani tofauti na ile ya tovuti ulikosajiliwa ufunguo huo.

Mtu akishabofya, chomoa kebo ya mtandao na uzime Wi-Fi, lakini kompyuta iache ikiwaka ili fundi aikague. Badilisha nywila ukitumia kompyuta nyingine. Kisha bonyeza Windows na R, andika shell:startup ili ifunguke folda ya programu zinazojiwasha, utazame kilichoongezwa humo: mwenye kufikia diski yako anaweza kuacha programu itakayojiwasha utakapoingia tena.