Anayekaa kichwani mwa mgonjwa: maswali yenu kuhusu dawa ya usingizi

*Shikamoo wahariri. Wazee wa huku kwetu husema mtu "kapigwa nusu kaputi". Neno hili lilitoka wapi, na zamani watu walipasuliwaje bila dawa ya usingizi? – Msomaji, Kondoa*

Marahaba. Kaputi ni kaputt ya Kijerumani, yaani kilichoharibika au kufa. Nusu kaputi, basi, ni kufa nusu, na hapo ndipo neno linapowatia watu hofu bure. Mgonjwa aliyelazwa usingizi hajafa hata robo. Moyo unapiga, damu inazunguka, na fahamu imezimwa kwa kipimo ambacho mtu aliyeketi kichwani pake anakiongeza na kukipunguza.

Kabla ya dawa ya usingizi, mgonjwa alinyweshwa pombe kali au afyuni, akashikwa na wanaume wenye nguvu, na daktari aliyesifiwa ni yule mwenye mkono wa haraka. Japani, mwaka 1804, Hanaoka Seishu alimtoa mwanamke uvimbe wa saratani ya titi baada ya kumnywesha mchanganyiko wa mitishamba, lakini nchi yake ilikuwa imejifungia na habari hazikutoka. Marekani, daktari Crawford Long alitumia etha, kimiminika ambacho mvuke wake ukivutwa hulaza usingizi, tarehe 30 Machi 1842, akakaa kimya hadi 1849. Ndiyo maana sifa ilimwendea daktari wa meno William Morton, aliyemvutisha mgonjwa etha mbele ya madaktari wa Boston tarehe 16 Oktoba 1846. Mwaka uliofuata James Young Simpson wa Edinburgh akaleta klorofomu, yenye harufu nzuri na inayolaza haraka.

Haraka hiyo ilikuwa na gharama. Januari 1848, karibu na Newcastle, msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alivutishwa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa kidole cha mguu. Alikufa ndani ya dakika chache. Kumbe dawa inayoondoa maumivu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kusimamisha pumzi au moyo, na tofauti ni matone machache. John Snow wa London, yule yule aliyeonyesha kwamba kipindupindu husambaa kwa maji, alitengeneza vifaa vya kupima mvuke badala ya kukadiria kwa kudondoshea dawa kwenye kitambaa cha puani. Mwaka 1853 alimpa Malkia Victoria klorofomu akijifungua, na minong'ono ya kupinga dawa hiyo kwa wanaojifungua ikapungua sana.

Etha ilidumu muda mrefu katika hospitali za Afrika kwa sababu ni rahisi na haizimi pumzi upesi. Ila huchemka kwenye nyuzi 34.6 usawa wa bahari, na kwenye mwinuko kama wa Dodoma, zaidi ya mita 1,000, huchemka chini ya hapo. Fikirieni chupa ya etha mchana wa Novemba! Tena hushika moto kwa cheche moja. Halotheni, dawa nyingine ya kuvuta, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1956, haiwaki, na ndiyo iliyoisukuma etha nje.

*Nina mimba ya pili na nimeambiwa nitapasuliwa. Jirani anasema sindano ya mgongo huleta kupooza, na mgongo hauponi tena. Nifanyeje? – Mama mtarajiwa, Chamwino*

Dada, tukueleze itakavyokuwa, maana hofu nyingi hutokana na kutojua kinachofanyika nyuma yako.

Kwanza utawekewa dripu. Utaketi kitandani ukiinamisha kichwa na kuutoa mgongo nje kama paka aliyekasirika, ili pingili zifunguke. Mtoa usingizi atapapasa mifupa ya nyonga. Mstari unaoiunganisha unapita karibu na pingili ya nne ya kiuno. Sindano huingia hapo au pingili moja juu yake. Uti wa mgongo wenyewe kwa mtu mzima huishia juu zaidi, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kuna nyuzi za neva zinazoelea katika maji ya uti wa mgongo, nazo hukwepa ncha ya sindano. Kwa hiyo kupooza kwa kudumu ni jambo la nadra mno.

Dawa ni ya ganzi, bupivakeini nzito ya asilimia 0.5, kwa kawaida mililita 2 hadi 2.5 tu. Inaitwa nzito kwa kuwa imechanganywa na sukari, hivyo huzama chini kuliko maji ya uti wa mgongo, na ukilazwa vibaya inakwenda pasipotakiwa. Miguu itapata joto, kisha itakuwa mizito. Kabla daktari hajakata, utajaribiwa kwa kitu cha baridi au kwa kufinywa. Utahisi kuvutwa na kusukumwa, lakini hutakiwi kuhisi kukatwa. Ukihisi, sema papo hapo. Usivumilie kwa aibu.

Yanayoharibika ni haya. Presha hushuka, kwa sababu mishipa ya miguu hulegea na mimba hukandamiza mshipa mkubwa. Ndiyo maana utainamishwa kidogo upande wa kushoto, dripu itafunguliwa, na huenda ukachomwa efedrini au dawa nyingine ya kupandisha presha. Kichefuchefu cha ghafla mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza, basi mwambie aliye kichwani pako. Mwambie pia vidole vya mikono vikifa ganzi au sauti ikikuishia: dawa imepanda juu mno.

Kuna na maumivu ya kichwa. August Bier wa Kiel, Ujerumani, aliyefanya ganzi hii ya mgongo mwaka 1898, alijijaribia yeye na msaidizi wake. Sindano yake haikushikana vizuri na bomba, maji ya uti yakavuja, naye akalala siku kadhaa kwa maumivu ya kichwa. Sababu ni tundu linaloendelea kuvuja. Leo hutumika sindano nyembamba za geji 25 hadi 27 (namba ikipanda, sindano inakonda), hivyo tatizo limepungua sana. Kikikuuma kichwa ukikaa na kutulia ukilala, usiishie kununua dawa dukani. Rudi hospitali. Wengi hupona kwa kupumzika, maji, parasetamoli na kahawa, na kikigoma huchukuliwa mililita kama 20 za damu yako mwenyewe na kuchomwa palepale ili kuziba tundu.

Maumivu ya kiuno ya baada ya uzazi mara nyingi ni ya mimba yenyewe, na waliojifungua bila sindano nao huyapata.

*Mwanangu alikataliwa upasuaji kwa sababu alikunywa uji asubuhi. Uji si maji? – Baba, Mpwapwa*

Hapana, baba. Uji ni chakula, hata uwe mwepesi kiasi gani. Chai ya maziwa nayo ni chakula. Hesabu inayotumika ni saa 6 kwa chakula chepesi, uji na maziwa ya ng'ombe, saa 8 kwa nyama na vya kukaanga, saa 4 kwa maziwa ya mama, na saa 2 kwa maji matupu au chai ya rangi. Usingizi hulegeza mlango wa tumbo na kuzima kikohozi. Kilichomo hupanda kooni, kisha huteremka mapafuni pamoja na asidi yake, na asidi huunguza mapafu. Ikiwa ni dharura, mgonjwa hatasubiri. Atalazwa kwa njia ya kuwekewa mrija wa hewa upesi. Lakini semeni ukweli wa saa aliyokula. Kumficha mtoa usingizi hapo ni kumziba macho.

*Nasoma uuguzi hapa Dodoma. Je, muuguzi anaruhusiwa kutoa usingizi, au ni kazi ya daktari peke yake?*

Anaruhusiwa akisomea. Daktari bingwa wa usingizi husoma udaktari kisha shahada ya umahiri ya miaka mitatu. Hawa wengi wako hospitali kubwa. Wilayani, anayemlaza mama usiku wa manane ni muuguzi au tabibu aliyechukua mafunzo ya usingizi baada ya taaluma yake ya kwanza. Wala si jambo la nchi maskini. Marekani wauguzi wameifanya tangu karne ya 19, na Alice Magaw, muuguzi wa Mayo Clinic, mwaka 1906 aliandika kuhusu wagonjwa zaidi ya 14,000 aliowalaza bila kifo kilichosababishwa na dawa. Siri yake ilikuwa kutoa kidogo kidogo na kutomwondolea mgonjwa macho.

Jifunze vizuri ketamini, dawa ya usingizi ya sindano, miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo kwenye mshipa, maana ndiyo utakayoikuta kila kituo. Haishushi presha na kwa kawaida haikati pumzi, lakini huongeza mate, na mtu mzima huamka akiweweseka. Diazepamu (dawa ya kutuliza) kidogo na chumba kisicho na kelele husaidia.

Na orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, utakayoisoma kwa sauti thieta (chumba cha upasuaji), ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo Ifakara. Matokeo ya 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

*Nina harusi Jumamosi, Jumatatu napasuliwa. Nimeambiwa nifute piko na rangi ya kucha. Lazima? – Bi harusi, Dodoma*

Hongera, bibie. Kibanio utakachobanwa kidoleni wakati wa upasuaji hupitisha mwanga kwenye nyama na kuhesabu oksijeni kwa rangi ya damu. Rangi nzito ya kucha na piko jeusi huupunguza mwanga huo, namba ikadanganya au isitokee. Kucha zote futa. Piko halifutiki kwa siku mbili, kwa hiyo mwambie mpakaji aache vidole viwili vitupu, kimoja kila mkono.