Rilei ikizima pampu, Arduino inaanza upya

Swali: Fundi, salaam aleikum. Niko Shela, nimetengeneza kontrola ya pampu ya kisima kwa Arduino (ile bodi ndogo ya kuprogramu) na ile moduli ya rilei ya 5V (swichi inayoendeshwa na koili). Kuwasha iko sawa, lakini ikizima pampu skrini inajaa takataka ama bodi inaanza upya, na si kila mara. Daiodi (ya kupitisha mkondo upande mmoja tu) nimeweka, kodi ya programu nimebadilisha mpaka nimechoka.

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kodi iwache kwanza. Neno la maana umelisema mwenyewe, shida inakuja ikizima. Ingekuwa ikiwasha ningekwambia labda chaja yako ya 5V ni dhaifu, lakini hapa mchawi ni pampu. Mota ni koili kubwa na koili haitaki mkondo wake ukatwe ghafla, kwa hivyo kontakti za rilei (vile vyuma viwili vinavyogusana) zikiachana tu volti zinapanda zinaruka cheche, na cheche ile inarusha kelele kwa kila waya ulio karibu. Mbona si kila mara? Stima yetu ni 50Hz, inapita sifuri mara 100 kwa sekunde, zikiachana karibu na sifuri umeponea, zikiachana kileleni ndio hio takataka.

Daiodi yako ni ya koili ya rilei, upande wa 5V, haisaidii kitu upande wa 240V, na usije ukaipeleka huko manake ni shoti moja kwa moja.

Hakikisha hivi: chomoa pampu, wacha rilei ipige tik tik peke yake. Bodi ikitulia ushajua. Ama chukua redio ya zamani, weka AM pasipo na stesheni, isogeze karibu na boksi, pampu ikizima utasikia "krak!", halafu ifuatishe kwa nyaya, na usishangae ule waya wa floti (swichi inayoelea kwa maji) unaopanda mpaka tangi la juu nao ukilia.

Sasa dawa. Zima meni swichi, halafu kati ya waya wa moto unaotoka kwa rilei kwenda pampu na nyutro, funga rezista ya 100 ohm ikifuatana na kapasita ya 0.1µF. Kapasita iwe imeandikwa X2 (aina ya kufungwa kwa stima ya meni), 275V AC, sio yoyote ile ya kuokota kwa redio mbovu, ya kawaida ikipasuka kwenye 240V inaweza kuwasha moto. Wengine wanaifunga kati ya kontakti mbili za rilei, inafanya kazi pia, ila hata rilei ikiwa imezima miliampia kama 7 zinaendelea kupita, na siku ukibadilisha ukafunga taa ya LED itabaki ikimeremeta usiku kucha.

Waya wa floti usiupitishe paipu moja na wa pampu, na pulapu ya ndani ya Arduino (rezista inayoivuta pini kwenye 5V) haitoshi kwa waya mrefu hivyo, weka rezista ya nje ya 4.7k na kapasita ya 0.1µF pale kwa pini. Moduli ikiwa na jampa (kile kidude cha kuunganisha pini mbili) ya JD-VCC, itoe, rilei ipe 5V yake mbali, ama sivyo ile opto iliyomo (ya kutenganisha Arduino na rilei kwa mwanga) ni pambo tu.

Na kama pampu ni ya 1HP, hio rilei ya 10A haitadumu, mota ikianza inavuta mara kadhaa ya mkondo wake na kontakti zitagandana pampu ikatae kuzima. Tafuta kontakta (rilei kubwa ya mota), rilei iendeshe koili ya kontakta tu, na ile rezista na kapasita zihamie kwa koili hio. Kwa hivyo kabla hujanunua chochote soma kile kibati cha pampu, imeandikwa HP ngapi.